Pareto na Daftari la Mapokezi
(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme juu ya daftari la mapokezi. Niwieni radhi nikianza na ua lenyewe.

Pareto si mzaliwa wa nyanda zetu za juu. Asili yake ni Dalmatia, nchini Kroatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki. Huko humea mwituni juu ya miteremko ya mawe ya chokaa, mahali pakavu penye udongo haba. Mbegu zilifika Kenya mwaka 1928, na baadaye Tanganyika. Nalo ua halikusahau kwao: hata leo halivumilii maji yanayotuama, na bila baridi ya milimani halichanui vema.

Sumu ya kuulia wadudu hukaa zaidi katika vijimbegu vilivyomo ndani ya kichwa cha ua. Shina likipimwa pamoja na ua huongeza uzito, wala haliongezi thamani. Tena, kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu. Basi apokeaye maua mabichi kwa bei ya makavu hununua maji.

Nilipata kukagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Karani, kwa kuwaonea haya jamaa zake, alipokea maua yaliyokauka nusu, akayachanganya na ya wenzao. Magunia yakapata joto, yakaota ukungu. Kiwandani shehena nzima ikashushwa daraja, na wanachama wote wakalipwa pungufu. Mama mmoja mjane, aliyekuwa ameanika yake kwa uangalifu, aliniuliza: "Bwana Mkaguzi, kosa langu limeandikwa wapi?" Nilitazama leja. Hesabu zilikuwa sawa hadi senti ya mwisho, nami nilikwisha kuitia sahihi. Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo sikagui tarakimu peke yake. Ndugu makatibu, kila gunia lifunguliwe mbele ya mwenyewe. Maua mabichi yarudishwe akaanike. Hali ya maua iandikwe kando ya uzito, na risiti itolewe papo hapo. Nanyi wanachama, msimchukie karani anayewarudisha nyumbani. Analinda jasho la jirani yenu, na lenu pia.