Tango Gani Lifae Bustani Yako?

Leo tunazungumza juu ya tango.

Kwanza tujue kazi yake mwilini. Tango ni maji, karibu sehemu 95 kwa kila 100. Linaburudisha, na watoto hulipenda. Lakini haliongezi damu, wala halina vitamini A ya kutosha. Kwa hivyo, mama, using'oe mchicha, kunde au managu ili upate nafasi ya tango. Mboga za majani ndizo nguzo ya sahani ya mtoto. Tango ni nyongeza, na mashina matatu au manne yanatosha kuanzia.

Ukifika dukani kununua mbegu, uliza maswali matatu.

La kwanza: hii ni mbegu ya kawaida au chotara? Ashley na Marketmore ni za kawaida. Unaweza kuacha tunda moja liive hadi liwe la manjano, ukatoa mbegu za msimu ujao. Chotara huzaa sana, lakini mbegu utakazotoa hazitafanana na mama yao. Itabidi ununue tena.

La pili: inavumilia ugonjwa gani? Ashley ilizalishwa kwa sehemu zenye unyevu, ili istahimili ukungu wa majani. Marketmore huvumilia virusi vinavyotia majani mabaka.

La tatu: inahitaji nyuki? Aina nyingi za kupandwa nje huhitaji. Basi usinyunyize dawa asubuhi wakati maua yamefunguka, kwani ukiua nyuki umeua matunda.

Soma pia tarehe kwenye pakiti. Mbegu iliyopitwa na wakati ni hasara.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana tango huliwa bichi. Hakuna moto wa kuua viini. Usimwagilie kwa maji ya mtaro wa majitaka, kwani huko ndiko hutoka homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo. Ukinyunyiza dawa, hesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Kisha nawa mikono kwa sabuni na uoshe tango kwa maji safi kabla ya kulikata.

Tango likiwa chungu sana, litupe. Uchungu huo huweza kuleta maumivu ya tumbo na kutapika. Mara nyingi huzidi mmea ukikosa maji, kwa hivyo funika udongo kwa nyasi kavu.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 ni maziwa ya mama pekee. Mdogo aliyeanza kula, mkunie tango au ulikate jembamba sana, asije akakabwa. Na kando yake, usisahau mboga za majani.