Ukubwa wa Mji Haulipi Kodi ya Nyumba

Kijana aliye shamba hupata habari kutoka kwa ndugu yake aliye mjini kwamba huko mshahara ni mara mbili ya ule unaopatikana nyumbani. Habari hiyo yaweza kuwa kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Ndugu hakusema analala wapi, wala analipa kodi kiasi gani kila mwisho wa mwezi, wala katika mshahara huo hubaki nini cha kumpelekea mama. Hivyo vijana wengi hufunga mizigo yao kwa furaha, na mwezi wa kwanza ukiisha ndipo wanapojifunza nusu iliyobaki.

Kwa sababu hiyo yafaa kila mtu ajue namna ya kulinganisha miji. Mambo ya kutazamwa ni matatu: idadi ya watu, gharama ya nyumba, na mapato ya wenyeji. Jambo moja likichukuliwa peke yake hudanganya. Yote matatu yakiwekwa pamoja, ndipo kweli inapoonekana.

IDADI YA WATU

Watu hupenda kuuliza ni mji gani ulio mkubwa kuliko yote duniani. Jibu hutegemea mpaka umewekwa wapi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, mji wa Jakarta katika nchi ya Indonesia ulikuwa na watu kama milioni 10 na nusu ndani ya mipaka ya utawala wake. Lakini mwaka 2025 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliuhesabu pamoja na mitaa yote iliyoshikamana nao, wakapata karibu watu milioni 42. Kwa hesabu hiyo waliutaja kuwa wa kwanza duniani, mbele ya Dhaka wa Bangladesh na Tokyo wa Japani. Si kwamba watu waliongezeka mara nne kwa miaka mitano. Kilichobadilika khasa ni mpaka.

Jambo kama hilo limeonekana Kenya pia. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mtaa wa Kibera, Nairobi, una watu milioni moja. Hesabu ya serikali ya mwaka 2009 iliona watu 170,070. Tofauti hiyo si mchezo, maana shule, mabomba ya maji na zahanati hupangwa kwa kufuata idadi ya watu.

Tena, hata idadi iliyo sahihi haimwambii mtu maisha ya mjini yalivyo. New York ilikuwa na watu 8,804,190 mwaka 2020, na London ilikuwa na watu karibu 8,800,000 mwaka 2021. Miji hiyo miwili yakaribia kulingana kabisa kwa idadi. Atakaye kujua kama mfanyakazi ataweza kuishi humo hana budi kuuliza zaidi.

KODI NA MAPATO

Na tuutazame mji wa New York. Kama jamaa zote za wapangaji wa mji huo zingepangwa mstari mmoja, tangu zile zenye mapato madogo hata zile zenye mapato makubwa, jamaa iliyosimama katikati kabisa ilipata dola 50,000 kwa mwaka 2020, yaani kama dola 4,170 kwa mwezi. Msikilizaji wa shamba akisikia hivyo atasema kwamba huo ni utajiri. Lakini uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kodi ya katikati iliyokuwa ikilipwa ilikuwa dola 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mapato hayo.

Wala hesabu haikuishia hapo. Nyumba zilizokuwa tupu, zikingojea wapangaji wapya, kodi yake ya katikati ilikuwa dola 2,750 kwa mwezi, yaani karibu theluthi mbili za mapato yale yale. Basi mwenyeji aliyepanga zamani na mgeni aliyeingia mwaka huo hawakuwa katika mji mmoja, ijapokuwa walipita katika njia moja.

Huko London, wengi hutamani kununua nyumba yao wenyewe. Mwaka 1997 bei ya nyumba ya katikati ilikuwa kama mara 4 ya mapato ya mfanyakazi wa katikati kwa mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa imefika mara 11. Maana yake ni kwamba mtu ambaye angeweka akiba mshahara wake wote, asile wala asivae, angehitaji miaka 11 kulipa bei ambayo baba yake angeilipa kwa miaka 4.

Na huko Hong Kong, mji wenye mabenki na majumba marefu, hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 200,000 waliishi katika vyumba vilivyopatikana kwa kuigawa nyumba moja ndogo kuwa vipande. Fedha nyingi zilikuwamo mjini, na nafasi ya kulala ilikuwa haba.

KWA NINI KODI HUPANDA

Sababu kubwa yafahamika na kila mwuza ndizi sokoni. Wanunuzi wakiwa wengi na ndizi chache, bei hupanda. Mwaka 2023 ilionekana kwamba katika kila nyumba 100 za kupanga huko New York, hata 2 hazikuwa tupu kwa ajili ya wapangaji wapya. Hali kama hiyo haikuwa imeonekana tangu mwaka 1968. Panapokuwa hivyo, nyongeza ya mshahara haikai mfukoni mwa mfanyakazi. Hupita mkononi mwake ikaenda kwa mwenye nyumba.

Iko miji iliyolitambua jambo hilo mapema. Vienna, mji mkuu wa Austria, ulianza mwaka 1923 kutoza kodi maalum ya ujenzi, ambayo wenye majumba makubwa waliilipa zaidi kuliko wengine. Kwa fedha hizo na nyinginezo, hata kufikia mwaka 1934 baraza la mji lilikuwa limejenga makao zaidi ya 60,000 ya wafanyakazi. Leo mji huo una watu milioni 2, na karibu nusu yao wanakaa katika nyumba za baraza au zilizojengwa kwa msaada wa serikali.

Singapore nayo ilianzisha halmashauri ya kujenga nyumba mwaka 1960, wakati watu wengi walipokaa katika vibanda. Mwaka 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee, na watu kama 16,000 walikosa makao. Tangu mwaka 1968 wafanyakazi waliruhusiwa kutumia akiba yao ya uzeeni kununua nyumba za halmashauri hiyo. Siku hizi wenyeji kama 8 katika kila 10 wanakaa humo. Hapo mapato na nyumba vilifungwa pamoja katika hesabu moja.

HALI YA NAIROBI

Nairobi ilikuwa na watu 118,976 mwaka 1948. Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073, ijapokuwa mipaka nayo ilipanuliwa katika miaka hiyo. Karibu jamaa 9 katika kila 10 walikuwa wapangaji.

Shida ya mshahara na nyumba hapo si jambo geni. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa kwamba karibu nusu ya wafanyakazi Waafrika wa mijini walioajiriwa na makampuni, na kama robo ya wale wa serikali, hawakupata mshahara wa kuwatosha kwa mahitaji ya lazima. Mshahara ulikuwa umekadiriwa kwa mtu asiye na mke wala mtoto. Kamati ilisema kwamba yapasa ukadiriwe kwa mtu mwenye jamaa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha kupangia. Katika amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi, na kwa ajili ya nyumba aliongezewa sehemu 15 katika 100, yaani kama shilingi 2,417. Mpangaji yeyote wa Nairobi aweza kujibu mwenyewe ni chumba cha namna gani kipatikanacho kwa fedha hizo, na ni umbali gani kutoka kazini.

Umbali nao ni sehemu ya kodi. Akaaye mbali kwa kodi nafuu huilipa tofauti kwa nauli, au kwa miguu yake alfajiri na jioni.

MASWALI YA KUULIZA

Basi kijana akiitwa mjini, na amwulize ndugu yake maswali matatu. La kwanza, mshahara ni kiasi gani hasa unaoingia mkononi? La pili, chumba na nauli kwa mwezi ni kiasi gani, kwa bei atakayotakiwa mgeni, si kwa bei ya mwenyeji wa miaka kumi? La tatu, ukitoa hivi kutoka kile, hubaki nini cha chakula, karo ya watoto na wazee nyumbani?

Na wale wenye kutawala miji wana swali lao pia: mwaka huu wameingia watu wangapi, na zimejengwa nyumba ngapi ambazo watu hao wataweza kuzilipia? Mji usioweza kujibu swali hilo waweza kukua sana kwa watu wake, na bado watu hao wakakosa mahali pa kulala.