Mpagazi wa Ndani ya Damu



Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, Unyamwezi ilisifika kwa wapagazi. Shehena za Bagamoyo na Ujiji zilipita mabegani mwao. David Livingstone, aliyekaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, alijua thamani ya mpagazi: Januari 1867, katika Zambia ya leo, wapagazi wawili walimtoroka na sanduku la dawa, na homa ikamkuta mikono mitupu.

Malale, ugonjwa ambao ndorobo huwaletea warina asali wa miombo, huleta shida ya uchukuzi ndani ya mwili. Vimelea vikishaingia ubongoni, dawa nyingi hukwama kwenye kuta za mishipa inayoulinda. Melarsoprol hupenya, lakini ina aseniki, nayo huua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 wanaotibiwa nayo. Tiba ya kuogopwa kama ugonjwa!

Kimelea chenyewe, tripanosoma, hakina shida hiyo. Mwaka 2016 watafiti walieleza katika jarida la Cell jinsi tripanosoma inavyomega vifuko vidogo mno kutoka mkiani. Vifuko hivyo hubeba protini na kuungana na chembe nyekundu za damu, ambazo mwili huziondoa upesi. Ndipo mgonjwa hupungukiwa damu.

Seli za binadamu nazo hutoa vifuko, vya nanomita 30 hadi 150. Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliyechunguza chembe changa za damu ya kondoo, aliviita eksosomu mwaka 1987. Kwa miaka mingi vilidhaniwa taka tu.

Kisha vikageuzwa wapagazi: mwaka 2011 kundi la Matthew Wood, Oxford, lilivipakia vipande vya RNA na kuvivika kipande cha protini ya kirusi cha kichaa cha mbwa, mjuzi wa njia ya ubongo. Vikafika ubongoni mwa panya.

Safari bado ndefu. Vifuko vingi vikidungwa huishia kwenye ini na bandama. Wafanyabiashara hawakusubiri: Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhuriwa na bidhaa zilizouzwa kwa jina la eksosomu.

Wakati huo huo kidonge kimetangulia. Fexinidazole, iliyojaribiwa Malawi na Uganda dhidi ya malale ya Afrika Mashariki, ilikubaliwa na wakala wa dawa wa Ulaya Desemba 2023. Humezwa kwa siku 10, baada ya chakula, kwa sababu tumbo tupu haliifyonzi vya kutosha.