Siku Tatu Mombasa

Somo: Marko 6:30–34

Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mapumziko, na hasa mapumziko ya mume na mke. Hatuzungumzi kama watu wanaojua sana. Tutawaeleza safari yetu wenyewe, na yale Bwana aliyotuonyesha katika safari hiyo, kisha kila mmoja apime nyumbani kwake.

Tulioana mwaka 1989. Wiki chache baada ya arusi tulipanda treni Nairobi jioni, daraja la tatu, tukafika Mombasa asubuhi tukiwa na sanduku moja, godoro na jiko la makaa. Kazi ilikuwa imepatikana bandarini Kilindini. Tukapanga chumba kimoja Majengo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mama mwenye nyumba alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Alituita wanangu, akatufundisha kukuna nazi na kupika wali wa tui. Kiti hatukuwa nacho hata kimoja. Jioni tulikwenda kwa miguu hadi ufuoni kwa Mama Ngina, tukanunua mihogo yenye pilipili na ndimu, tukaketi chini ya mibuyu na kuzitazama meli zikiingia. Tulizungumza mpaka maneno yakaisha, na yalipoisha tulinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kutamu.

Baada ya miaka minne tulirudi bara. Watoto wakazaliwa, shamba likadai jembe, shule zikadai karo. Lakini mtu akitaja Mombasa mbele yetu, sote wawili tulitabasamu.

Basi mwaka jana watoto wetu walichanga pesa, wakatukatia tikiti na kutulipia chumba katika nyumba ya wageni. Wakasema, “Baba na Mama, nendeni Mombasa siku tatu mkapumzike.” Labda walikuwa wameona mengi kuliko tulivyodhani, maana nyumbani kwetu hapakuwa na amani.

Hatukupigana, wala hatukutukanana. Jumapili tuliketi benchi moja kanisani. Lakini miaka miwili kabla ya safari hiyo, mmoja wetu aliweka sahihi kuwa mdhamini wa mkopo wa ndugu yake katika chama cha akiba, bila kumwambia mwenzake. Ndugu yule alishindwa kulipa, na akiba tuliyoiweka kwa ajili ya uzee wetu ikaanza kukatwa. Mwingine alipojua, hakusamehe. Aliipeleka habari ile kwa jamaa zetu, akamwaibisha mwenzake mbele ya watu. Hatutasema ni nani alitenda lipi. Mbele za Mungu, deni lile lilikuwa letu na aibu ile ilikuwa yetu. Tangu hapo tulizungumza habari za ng’ombe, mvua na karo ya yule mdogo, na sala ya jioni tuliyozoea kuomba pamoja ikakoma.

Ijumaa asubuhi tulipanda treni mpya, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Zamani tulisafiri usiku kucha. Sasa ni saa tano hivi tu, na mchana kweupe mtu aweza kuona ndovu wa Tsavo kupitia dirishani. Tulishuka Miritini, tukapanda matatu kwenda mjini. Jioni tukaenda ufuoni kama zamani. Mibuyu ipo, na mihogo ipo. Lakini tulipotaka kurudi, tuligombana juu ya nauli ya tuktuk. Mmoja aliona ni ghali. Mwingine akajibu kwamba pesa za kuwapa ndugu hazikuwa ghali. Neno moja tu, wapendwa! Usiku ule tulilala tumepeana migongo. Tulikuwa tumesafiri karibu kilomita mia tano, na mzigo tuliutoa bara tukaja nao mpaka kitandani.

Jumamosi tulikwenda Majengo. Nyumba yetu haipo. Pamejengwa ghorofa, na chini yake pana duka la simu. Tulimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa kibarazani, akatuambia mama yule alifariki siku nyingi, Mungu amrehemu. Tulisimama pale njiani, watu wakitupita, na hakuna aliyetujua. Ndipo tulipofahamu jambo moja. Mji tuliokuwa tukiupenda miaka yote hii haukuwa mawe wala bahari. Tulichopenda ni jinsi tulivyokuwa sisi wawili ndani ya chumba kile. Na chumba hicho haukukivunja mji. Tulikuwa tumekivunja wenyewe.

Mchana tulivuka daraja kwenda Nyali. Huko kuna mnara wa ukumbusho wa Dr. Johann Ludwig Krapf. Tulipokuwa vijana tulipita upande ule mara nyingi bila kusimama. Wengi wenu mnajua kwamba Krapf alikuja Mombasa mwaka 1844, ametumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, na kwamba alijifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri Maandiko. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba hakuja peke yake. Alikuja na mkewe, Rosine. Miezi michache tu baada ya kufika, Julai mwaka ule ule, Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Mumewe naye alikuwa mgonjwa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa huko bara, ng’ambo ya kisiwa.

Krapf hakurudi kwao. Rebmann alipofika mwaka 1846, walikwenda pamoja kuanzisha kazi huko Rabai. Habari hiyo tuliisikia tangu shule ya Jumapili, na siku zote tulijifunza kutoka kwake uvumilivu. Lakini siku ile, tukisimama pale, tuliona jambo jingine. Mtu huyu alikuwa na mkewe Mombasa kwa miezi michache tu. Sisi tulipewa miaka zaidi ya thelathini, na miwili kati ya hiyo tumeitupa kwa kununiana. Je, Krapf angetoa nini apate jioni moja zaidi ya kuketi na Rosine na kuzungumza? Hatukusema neno, ila mmoja wetu alimshika mwenzake mkono, na mkono ule haukuondolewa.

Jioni tukaenda Likoni kupanda feri. Hatukuwa na shughuli ng’ambo. Zamani tulikuwa tukivuka hivyo hivyo, kwenda na kurudi, kwa sababu anayevuka kwa miguu halipi. Watu walikuwa wengi, wenye mizigo, wenye baiskeli, watoto wa shule, na kelele tele. Tukasimama ukingoni. Feri ilipoanza kuondoka, mmoja wetu akasema, “Nilikosa. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utanikataza, na ningestahili kukatazwa. Nisamehe.” Mwingine akasema, “Nami nilikosa. Nilikuvua nguo mbele ya jamaa zako. Nisamehe.” Kuvuka kule ni dakika chache tu. Kabla feri haijafika ng’ambo, tulikuwa tumeyamaliza ya miaka miwili.

Sasa, wapendwa, tutazameni lile somo la Marko. Mitume walikuwa wamechoka. Watu walikuja na kwenda hata wao wakakosa nafasi ya kula. Bwana Yesu akawaita wajitenge pamoja naye, waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Wakaingia chomboni. Lakini watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu, wakatangulia kufika. Bwana aliposhuka, mkutano mkubwa ulikuwa unangoja, naye akauhurumia na kuanza kuufundisha. Je, mitume walipumzika wapi? Pale walipokusudia kupumzika, hawakupata nafasi. Mapumziko yao yote yalikuwa yale ya chomboni, kati ya ng’ambo moja na nyingine, wakiwa na Bwana. Yalikuwa mafupi, lakini Bwana hakuyaona kuwa ni bure.

Nasi yalitupata hayo hayo. Jumapili asubuhi tuliabudu katika kanisa kuu la ukumbusho, lililojengwa mwaka 1905, tukashiriki Meza ya Bwana kwa moyo mweupe, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. Alasiri tukapanda treni. Tulipofika nyumbani, mkutano ulikuwa unangoja: ng’ombe mmoja mgonjwa, barua ya shule, na deni lile lile. Deni halikufutwa na bahari. Mpaka leo twalilipa. Lakini sasa twalilipa wawili, tukiwa tumeketi meza moja na daftari moja, na baada ya hesabu twaomba. Yule ndugu naye tulimwita, tukala naye, naye ameanza kuleta kidogo kidogo.

Labda msikilizaji mmoja anasema, “Ninyi mna watoto wa kuwakatia tikiti. Sisi Mombasa tutaipatia wapi?” Ndugu, dada, hatukuambii uende Mombasa. Hata waliokwenda waweza kurudi na mzigo wao kama walivyoondoka, na sisi tulikuwa karibu kufanya hivyo. Tunakuambia utafute chombo chako. Huenda ni njia ya kwenda kisimani. Huenda ni benchi chini ya mwembe baada ya kukama ng’ombe. Huenda ni kiti cha matatu mkitoka sokoni. Mahali popote ambapo ninyi wawili mwaweza kukaa dakika kumi kabla mkutano haujawafikia, mwiteni Bwana awe pamoja nanyi, kisha mseme lile ambalo hamjalisema. Usingoje mwenzako aanze. Na usiweke siku ya mbali, kwa maana hakuna ajuaye ni miezi mingapi amepewa.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaona wanafunzi wako walivyochoka, utuone na sisi. Utusamehe siku tulizozipoteza kwa hasira na kwa kuficha. Uwarudishe waume na wake wao kwa wao, na wote kwako. Uwafariji waliobaki peke yao, ambao wangependa kuzungumza na mtu asiyekuwapo tena. Utupe mapumziko kidogo pamoja nawe, kisha utupe huruma kwa wale wanaotungoja ng’ambo. Amina.