Zebaki ndani ya Mafuta: Tuulize ni ya Namna Gani



Tumekutana hapa Kitisuru, jirani na Gigiri, ambako mwaka 2009 serikali nyingi zilikubaliana kuanza kutengeneza mapatano juu ya zebaki. Mapatano hayo, yaitwayo ya Minamata, yalianza kutumika mwaka 2017.

Sisi wa reli twayajua mafuta kwa mabehewa ya tangi. Mafuta mengine hutoka ardhini yakiwa na zebaki, lakini zebaki si ya namna moja. Iko iliyo safi, hugeuka mvuke ikaingia mapafuni. Iko iliyoyeyuka kama chumvi. Tena iko iliyoshikana na salfa, punje ndogo ambazo hushuka zikakaa katika matope ya tangi.

Mpimaji hupima jumla kwanza. Kisha hupitisha gesi ndani ya mafuta, na ile safi hutoka nayo. Halafu huchuja, punje zikabaki katika chujio. Naye huchukua mafuta kwa chupa ya kioo iliyojaa, kwani plastiki huipoteza zebaki safi.

Ndugu zangu, hesabu ya mafuta haisemi habari za matope. Anayeingia tangini na koleo ni mwenzetu. Akiambiwa, "Zebaki ni kidogo tu," aulize: ya namna gani? Mlipima mafuta au matope? Sheria ya Kenya ya usalama kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri atupe habari hizo. Kuuliza si utovu wa adabu.