Mkanda Usiokatwa: Wapenzi wa Mbaraka Mwinshehe Wilayani Ngara na Biharamulo, na Kazi ya Kuzitoa Upya Rekodi za Laivu

Mada kwa semina ya watangazaji, maafisa utamaduni na watunza muziki wa wilaya za Ngara na Biharamulo



Nimetakiwa kuzungumzia mapenzi ya watu kwa rekodi za laivu za mtunzi na mwimbaji aliyekwisha kufariki, hasa zinapotolewa upya. Nimemchagua Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Wapo watakaosema ningeanza na wa nyumbani, Justin Kalikawe wa Bukoba, mwanareggae aliyetutoka mwaka 2003, na hawakosei, nitamfikia. Ila kwenye mabasi ya kwenda Rulenge, kwenye vilabu vya Biharamulo mjini na kwenye malori yanayolala Benaco, jina linalotajwa bila kuulizwa ni la Mbaraka, na wanaolitaja wengi hawakuwa wamezaliwa alipokufa.

Ninachotaka kusema ni hiki: watu wanapenda upigaji wa mara moja, bendi nzima ikiwa chumba kimoja. Anayezitoa upya rekodi hizo kwa kuzisugua na kuzikatakata anawauzia kitu kingine chenye jina lilelile.

Mbaraka alizaliwa mkoani Morogoro mwaka 1944. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akafika nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Sisi wa huku tarehe hiyo tunaisoma kwa namna yetu. Vita na Idi Amin vilikuwa vinaendelea, na mkoa huu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka huohuo. Waliokuwa wametegea redio kusikiliza habari za vita ndio walioupata na msiba huo.

Redio yenyewe ndiyo kiini cha mada hii. Redio Tanzania Dar es Salaam haikuwa kampuni ya santuri. Ilirekodi bendi ili ipate cha kurusha hewani. Bendi iliitwa studio Barabara ya Pugu, watu wakapangwa, maikrofoni chache zikasimamishwa, wimbo ukapigwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mambo ya kurekodi gitaa leo na sauti wiki ijayo hayakuwapo. Mpiga tumba akikaza mwendo, wote wanakaza naye. Mmoja akiteleza, ama wimbo unarudiwa wote, ama kosa linabaki humo milele. Ndiyo maana hata rekodi tunayoiita ya studio ya miaka ile ni laivu kamili, imekosa watazamaji tu.

Wapenzi wanalijua hilo kwa masikio, hata kama hawajaingia studio maishani mwao. Mwulize mzee yeyote wa Ngara kwa nini anaupenda wimbo fulani, hatakuambia maneno peke yake. Atakuelekeza mahali: pale maneno yanapokwisha, besi na tumba zinabaki zenyewe kidogo, solo inachelewa kama imesahau, kisha Mbaraka anaingia na nyuzi za juu na saksafoni zinamjibu. Atakuambia, "Hapo sasa, sikiliza hapo!" na ataunyanyua mkono ili usiongee. Kule kuchelewa hakukuandikwa mahali popote. Kulitokea siku ile, kwa watu wale, na fundi mitambo akawa ameacha mkanda unazunguka.

Santuri ilikuwa na masharti mengine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, kwa hiyo wanamuziki walikwenda Nairobi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika nne au tano kila upande, na wimbo wa Mbaraka ulipokuwa mrefu zaidi ya hapo ulipasuliwa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, yaani sehemu ya vyombo inayofuata maneno. Mwenye gramafoni alinyanyua sindano, akageuza, akaanza upya. Baada ya kifo chake Polygram ya Kenya ikakusanya santuri ndogo hizo katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho, na ndio uliomweka Mbaraka hai madukani kwa miaka mingi. Naushukuru sana mfululizo ule. Lakini mshono unasikika: unapopasikia penye kidonda kati ya maneno na chemko, unajua mtu alipitisha kisu.

Mkanda wa redio haukupasuliwa, na hapo ndipo tofauti ilipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, njia ya santuri ikawa nyembamba zaidi, na kumbukumbu kubwa ya muziki wetu ikabaki kwenye mikanda ya Barabara ya Pugu. Sehemu ya hazina ya zamani imetolewa upya nje. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, kwenye mfululizo wake wa Zanzibara, ilitoa mwaka 2007 mkusanyo wa muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960. Mkusanyo mzuri. Kuupata Biharamulo ni shughuli nyingine.

Kwa wale wanaodhani huu ni ugonjwa wa wazee, niwape mfano wa Bob Marley, ambaye mashabiki wa Kalikawe hawahitaji kutambulishiwa. Julai 1975 alipiga usiku mbili mfululizo ukumbi wa Lyceum, London, na mwaka huo ikatoka albamu moja iliyochaguliwa kutoka humo. Miaka mingi baada ya kifo chake cha 1981, maonyesho yote mawili yalitolewa kwa ukamilifu. Watu walinunua nyimbo zilezile mara mbili, usiku wa kwanza na wa pili, kwa sababu mwimbaji hakuimba sawasawa siku zote mbili. Wangekuwa wanataka wimbo tu, rekodi ya studio ilikuwapo.

Turudi huku kwetu. Pale Nyakanazi, njia panda ambapo magari ya Rusumo na Kabanga yanaachana na ya Kigoma, vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi wanafanya kazi ya kutoa upya kila siku bila kuiita hivyo. Dereva anasema "nijazie zilipendwa," kijana anachagua faili, anaburuta, basi. Majina ya faili ni vituko: "mbaraka mix 4", "shida original", "morogoro jazz clean". Hiyo "clean" ndiyo ya kuogopa. Mtu amepitisha programu ya kuondoa mchakacho wa sindano, na mchakacho ulipoondoka uliondoka na matoazi na pumzi ya mwimbaji. Wengine wanaongeza ngoma ya kompyuta chini yake ili ipige kwenye spika za bodaboda. Siwalaumu vijana hawa. Wanatoa kile walichopewa, na hakuna aliyewapa mkanda wenyewe.

Wa kulaumiwa wako humu ukumbini, na nasema kwa heshima. Mtangazaji anaweka Super Volcano, wimbo unafika dakika ya tatu, maneno yanakwisha, chemko inaanza kuchemka, naye anashusha sauti na kusoma salamu! Ni kisu kilekile cha santuri ndogo, sasa kinashikwa na mtu asiye na sababu ya kukishika. Kituo kimoja nilichokuwa nakisikiliza kila Jumapili kilikuwa na tabia hiyo hadi nikaacha kukisikiliza.

Nayasema haya kwa sababu wilaya hizi zinajua thamani ya redio kuliko nyingi. Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tunakimbizana na masafa mafupi, sauti ikija na kuondoka. Redio ya karibu ilipokuja, msikilizaji wa Ngara na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka wakapata kusikia kitu kimoja, saa moja, bila mikwaruzo. Ukiwa na chombo kama hicho, kucheza wimbo hadi mwisho wake ni sehemu ya kazi.

Kuna na upande wa kurekodi. Ngoma za Wahangaza na wapiga enanga mnawarekodi sasa kwa simu, harusini na kwenye mbio za Mwenge. Msikate. Acheni kikohozi, acheni mtoto anayelia nyuma, na kwenye jina la faili andikeni mahali, tarehe, mpigaji, na aliyetunga kama si yeye. Mtu atakayetaka kuzitoa upya miaka 40 ijayo ataweza kusafisha akitaka. Hataweza kurudisha mlichofuta.

Mwisho, haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa Mbaraka hesabu hiyo inafika 2029. Warithi wa mtunzi ambaye muziki wake unasikika kila kituo cha mabasi nchini wamebakiwa na muda mfupi, na anayetaka kutoa upya nyimbo zake leo, hata kwa nia njema, aanzie kwao na kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, si kwenye kompyuta. Kwa Kalikawe hesabu inafika 2053, kwa hiyo kazi yake tunaweza kuifanya vizuri tangu mwanzo. Kaseti za maonyesho yake, zile zilizorekodiwa ukumbini na mtu mwenye redio kaseti begani, mwenye nazo aje nazo kipindi cha mchana. Deki mbili ziko meza ya nyuma, penseli ya kukaza mkanda uliolegea ipo, na fomu za kuandika nani alirekodi, wapi na lini ziko kwa katibu.