Magoti ya wazee wetu na ile mashine ya kujibu: maneno yetu kwa vijana wa Butembo



Tunajua kuna wenye kujiuliza: harakati ya wananchi inatafuta nini ku mazoezi ya wazee? Mumezoea kutusikia juu ya barabara, maji, kuran na usalama. Leo tunakuja kuzungumza juu ya magoti, migongo na namna ya kusimama bila kuanguka. Hiyo pia ni mambo ya muji, na tutaeleza kwa nini.

Mzee akianguka huku kwetu akavunja mfupa wa nyonga, nani analipa? Familia njo inalipa. Wanauza mbuzi, wanauza kipande cha shamba, mtoto mmoja anatoka masomo. Na mara mingi yule mzee hatembei tena kama zamani. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema watu 684 000 wanakufa kila mwaka ulimwenguni juu ya kuanguka, na zaidi ya 80 ku 100 yao ni wa inchi zenye mapato madogo na ya kati, kama yetu. Wenye kuumia zaidi ni wenye kupita miaka 60. Sasa waza Butembo yetu: vilima, njia ya udongo, mvua ya mchana, na mzee anashuka na kambambili.

Wandugu, tuko na wazee wa aina mbili, na haifai kuwapa maneno ya namna moja.

Wa kwanza ni yule mama wa miaka 68 anayepanda kilima kila siku na kikapo mgongoni, kamba ku paji la uso. Yule usimwambie atembee nusu saa. Ametembea kabla wewe hujaamka. Yeye anahitaji kupumzisha mgongo, kunyoosha mabega, kufundishwa kuinua mzigo kwa miguu badala ya kiuno, na kuwa na watoto wa kumsaidia kubeba.

Wa pili ni yule aliyelima maisha yake yote, kisha vita ikamtoa. Waliokimbia mauaji ya Beni tangu 2014, waliokimbia Kanyabayonga mu 2024, wengi wanaishi mu chumba cha ndugu. Hakuna shamba, hakuna jembe. Anakaa ku kiti asubuhi mpaka jioni, anaogopa kuwa mzigo kwa mwenye nyumba. Nguvu ya miguu inaisha kidogo kidogo, na siku moja kusimama peke yake inakuwa kazi. Watu wanasema ni uzee. Uzee uko ndani, ndiyo, lakini kukaa nako kuko ndani, na kile kukaa kimeharibu, mazoezi yanaweza kurudisha sehemu kubwa.

OMS mu 2020 ilitoa kipimo: kwa wiki, dakika 150 mpaka 300 za kujitikisa kwa nguvu ya katikati, kazi ya misuli siku mbili ao zaidi, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku tatu ao zaidi. Hayo yote yanafanyika na kiti kimoja na ukuta.

Sasa ile mashine. Tangu ChatGPT itoke mu Novemba 2022, vijana wengi wanaitumia kuandika barua za kuomba kazi, kazi ambazo hazipatikani. Sisi mashomeri tuko na wakati, tuko na telefone, tunajua Kifaransa cha chuo na lugha ya koko zetu. Njo maana tunasema: ile mashine tuitumie pia kwa kupangia wazee programu ya mazoezi. Lakini tujue iko nini. Ni mashine iliyosoma maandiko mingi sana na inajenga jibu neno kwa neno. Haimuoni mzee. Haijui kama leo amekula. Inajibu kwa sauti ya uhakika hata pale inapokosea.

Kila kitu kinaanzia ku swali. Ukiandika tu, « Nipangie mazoezi ya mzee wa miaka 70 », jibu linaweza kukuletea bwawa la kuogelea, baiskeli ya ndani, kamba za elastiki na vyuma vya kilo mbili. Nani kati yetu ako na bwawa? Andika basi namna hii:

« Mwanaume wa miaka 72, alikuwa mkulima, sasa anakaa siku nzima. Anatembea bila fimbo lakini anashika ukuta. Ako na tansio, anakunywa dawa. Goti la kuume linauma akishuka kilima. Kuna kiti cha mbao kisicho na mikono, ukuta, na kiwanja cha hatua kumi. Njia ya nje ina mteremko na matope. Panga wiki nne, siku tatu kwa wiki, dakika ishirini, anza chini sana. Kabla ya kupanga, niulize maswali yote unayohitaji. »

Yale maneno ya mwisho msiyaache. Mashine ikiuliza mbele, inakosea kidogo. Ikiuliza kama mzee amewahi kuanguka mwaka huu, ama kama kifua kinambana, usijibu mahali pake. Enda umuulize mwenyewe.

Mpango mzuri utafanana na huu. Dakika tano za kupasha mwili moto: kutembea mahali pamoja, kuzungusha mabega. Kisha kusimama na kukaa ku kiti, mara tano, kupumzika, mara tano tena, na kile kiti kimeegemezwa ukuta kisiteleze. Kusukuma ukuta kwa mikono. Kuinuka ku vidole vya miguu, umeshika kiti. Kusimama ku mguu mmoja sekunde kumi, mkono karibu na kitu cha kushika. Kutembea kisigino mbele ya vidole, kando ya ukuta. Mwisho, kupunguza pole pole na kupumua. Mazoezi ya namna hiyo, ya nguvu na usawa, yalipimwa New Zealand kwa wazee waliofanya mu nyumba zao, mu programu inayoitwa Otago, na yalipunguza kuanguka. Hatubuni kitu kipya hapa.

Kwa kupima kama anaendelea, hesabu: mu sekunde 30, anasimama na kukaa mara ngapi bila kutumia mikono? Andika namba ku karatasi. Rudia nyuma ya wiki nne. Mzee anayeona namba yake imetoka 6 ikafika 9, huhitaji kumbembeleza tena.

Kuna mahali pa kuwa macho. Mashine inapenda kutoa hesabu ya mapigo ya moyo, 220 kutoa umri. Dawa fulani za tansio zinapunguza mapigo, na ile hesabu inakuwa uongo. Tumia kipimo cha mdomo: akitembea anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, iko sawa, akishindwa kumaliza maneno, apunguze. Mwenye tansio asizuie pumzi akijikaza. Mwenye kutumia dawa za sukari asifanye mazoezi na njaa. Na pia, Kiswahili cha mashine ni cha mbali. Koko hataelewa « nyonga » wala « kifundo cha mguu ». Tafsiri, na uonyeshe kwa mwili wako. Fanya nawe pamoja naye.

Kwa hiyo tunaomba kila kijana atakayefanya kazi hii ashike mambo matano.

Kwanza, muganga ama enfirmie amuone mzee mbele ya kuanza, hasa mwenye tansio, sukari, moyo, ao aliyekwisha kuanguka.

Pili, jina la mzee, adresi na picha yake visiingie mu mashine. Umri na hali vinatosha. Yale unayoandika yanaenda ku mashine za kampuni za mbali, na mzee hakukutuma huko.

Tatu, mpango uandikwe ku karatasi, herufi kubwa, na michoro. Mega zinaisha, kuran inakatika, karatasi inabaki ku ukuta.

Inne, hakuna mzee kufanya zoezi la kusimama ku mguu mmoja akiwa peke yake mu wiki za mwanzo.

Tano, maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika: kusimama palepale na kwenda ku kituo cha afya. Hakuna kuuliza mashine kwanza.

Sasa tunageukia wakubwa wa muji na wa serikali. Katiba yetu ya Februari 2006, ku kifungu cha 49, inasema mtu mzee na mtu mwenye ulemavu wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na roho. Haikusema watalindwa na telefone ya mjukuu. Tunaomba mambo madogo: asubuhi moja kwa wiki ku kila kituo cha afya, wazee wapimwe tansio bila kulipa, salle moja kwa kila kartie, saa mbili kwa wiki, kwa mazoezi ya pamoja, na mifereji na ngazi ku miteremko ambako wazee wanateleza.

Na tunasema hii wazi, isije ikapotoshwa kesho: mashine haichukui nafasi ya mtu. Tuko na wenzetu waliosoma afya, wenye diploma mu sanduku, wanakaa bila kazi. Siku mtu mkubwa atasema « wazee wako na akili bandia, hakuna haja ya kuajiri », tutamuuliza: ile mashine itamshika mzee mkono akiyumba? Tunaitumia juu hakuna mwingine leo. Hatutakubali iwe sababu ya kukosa mwingine kesho.

Vijana, tunaanza na mzee mmoja kwa kila mmoja wetu. Siku tatu kwa wiki, dakika ishirini. Haiombi budgeti, haiombi ruhusa. Inaomba kiti, ukuta, na mtoto wa mtu mwenye kutunza ahadi yake. Wazee, nanyi tunawaomba: mukichoka, museme, mukiumia, museme, na mukiona kijana anasoma telefone tu bila kuwaangalia, mumfukuze, arudi siku atakayojua kuangalia.

Nyuma ya hapa, atakayetaka kujiandikisha abaki. Vitabu viwili viko ku meza, kimoja cha vijana, kingine cha wazee. Tunapenda viishe vyote viwili na hesabu ilingane.